Daftari la Musau

Mwaka wa kwanza tulikimbia.
Lango la bustani ya michezo halijafunguliwa, sisi tumeshajipanga,
Julai, baridi ya Lubumbashi inang'ata masikio,
Monga ndani ya koti la binamu yake, mikono imemmeza,
mimi na mshahara mzima mfukoni
kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Gurudumu, farasi wa mbao, vigari vya kugongana,
treni ndogo, gurudumu tena,
haraka kabla ya foleni, haraka kabla umeme haujakatika.
Saa saba Ngoie alitapika fanta juu ya viatu vya Jumapili.
Saa tisa hatuna nauli.
Tukarudi Katuba kwa miguu, watoto mgongoni,
na usiku Musau akaniuliza gizani:
"Hivi tuliona nini?"
Nilikumbuka visogo vya watu.

Ndipo aliponunua daftari, la mistari, la mtoto wa shule.

Mwaka wa pili: *Siku mbili, si moja. Chakula kitoke nyumbani.*
Mwaka wa tatu: *Umeme hurudi saa tisa na nusu. Msiende kabla.*
Mwaka wa nne: *Hapana.*
Neno hilo tu, ukurasa mzima.
Mishahara ilikuwa imelala, baiskeli nimeiuza.
Mwaka wa sita: *Gurudumu mara moja, jioni, vumbi likitulia.
Kiti cha saba, cha bluu. Hakipigi kelele.*

Tukawa wenyeji.
Mlinzi Kabwit alitusalimu kwa majina, hata la mgonjwa tuliyemwacha nyumbani.
Tulijua farasi asiye na sikio ndiye mwenye mbio,
tulijua bomba lipi lina maji,
na wageni wa Julai walipotupita wakihema
tulitazamana, mimi na Musau, kama mapadri wawili.

Mwaka wa tisa tulikuja na vigoda,
kikanda kimefungwa kwenye kitambaa, munkoyo kwenye kidumu.
Tukakaa.
Kivuli kikasogea, nasi tukakifuata.
Ngoie, miaka kumi na minne, akasimama mbele yetu, mikono kiunoni:
"Baba, tuko hapa tangu saa nne. Hatujapanda kitu."
"Tunapumzika."
"Mmechoshwa na nini?"

Musau alicheka hadi munkoyo ukamtokea puani.
Lakini usiku aliandika, nami nikachungulia:
*Mtoto ana haki. Tumejifunza utaratibu
mpaka tumesahau tulichokijia.*
Mwaka uliofuata alipanda gurudumu mara tatu mfululizo,
peke yake, kilemba mkononi.
Mimi nilishika mifuko.

Mwaka huu Monga ametoka Kolwezi na mwanawe, Yav.
Wana siku moja. Kesho zamu, mgodi haungoji.
Nilikuwa na daftari kwapani, nimejiandaa,
nataka kueleza habari ya saa tisa na nusu,
ya kiti cha saba, ya farasi asiye na sikio.
"Nkambo, haraka!"
Akanivuta kidole.
Magoti yangu yalipiga kelele, nikayaacha yapige.
Daftari nikamtupia Musau pale kwenye benchi.

Kiti cha saba siku hizi ni chekundu,
na kinalia kama mlango wa jirani.
Tulipofika juu kabisa
umeme ukaenda.

Kimya. Upepo. Kiti kinayumba kidogo.
Bati za Katuba, moshi wa wachoma makaa,
mtu na baiskeli ndefu kama msafara, anapandisha kilima polepole.
Yav ameshika suruali yangu kwa mikono yote miwili.
"Nkambo, hii nayo ni mchezo?"
"Hii ndiyo yenyewe."
Akafikiri. Akaachia mkono mmoja.

Chini, Musau amefungua daftari,
kalamu iko nyuma ya sikio.
Haandiki.
Anamalizia munkoyo wetu.